David Cox: Mwana wa mhunzi aliyenasa upepo wa mashambani kwa rangi za maji

MKULIMA aliyekata nyasi za kulisha mifugo na kuzianika juani hana raha hadi atakapozihifadhi ghalani. Kila baada ya muda mfupi huinua macho kutazama anga, kwani wingu moja zito laweza kuharibu kazi ya siku nyingi.

Mchoraji wa rangi za maji anayeketi kando ya shamba hilo naye huishi kwa hofu iyo hiyo. Mvua ikimfikia kabla karatasi yake haijakauka, rangi hutiririka na kazi ya asubuhi nzima hugeuka kuwa madoa matupu.

Miongoni mwa wasanii wa Uingereza, ni wachache walioujua undugu huo wa mkulima na mchoraji kama alivyoujua David Cox, mwana wa mhunzi kutoka mji wa Birmingham, aliyefariki mnamo 1859 akiwa na umri wa miaka 76.

Leo jina lake hutajwa sako kwa bako na majina ya J. M. W. Turner, Thomas Girtin na Peter De Wint, kila inapozungumziwa enzi ya fahari ya rangi za maji nchini humo.

Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya maisha yake Cox hakuwa mtu wa kupigiwa makofi. Alikuwa mwalimu wa kuchora, aliyekwenda nyumba hadi nyumba na shule hadi shule akiwafundisha watoto wa wenye nacho ili apate riziki.

Kazi zilizomjengea jina alizifanya uzeeni, wakati ambapo wengi hudhani mtu amekwisha kutoa alichonacho. Na hata hizo, zilipoonyeshwa hadharani, baadhi ya watu walizilaumu kuwa hazijakamilika.

Mguu uliovunjika

Cox alizaliwa Aprili 29, 1783, katika mtaa wa Deritend, Birmingham, mji ambao tayari ulikuwa ukivuma kwa ufuaji wa vyuma. Babake, Joseph Cox, alikuwa mhunzi aliyefua singe na vipuri vya bunduki. Mamake, Frances, alitoka katika jamaa ya wakulima.

Angali mtoto mdogo, David alijikwaa, akaanguka na kuvunjika mguu. Alipokuwa akiuguza jeraha hilo nyumbani alipewa kisanduku cha rangi ili ajiliwaze, naye akaanza kupamba tiara za karatasi za watoto wenzake.

Alipokua kidogo babake alijaribu kumwingiza katika uhunzi. Upesi ilibainika kwamba kijana huyo hakuwa na nguvu za kuinua nyundo kutwa nzima mbele ya tanuri.

Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wazazi wake hawakumkatia tamaa. Walimpeleka kwa Joseph Barber, mwalimu wa kuchora aliyekuwa na shule mjini humo, na alipokuwa na umri wa takriban miaka 15 wakamweka kuwa mwanagenzi wa fundi aliyechora sura za watu kwenye vidani na visanduku vidogo.

Uanagenzi huo uliishia katika msiba. Fundi huyo alijitoa uhai, na kijana akabaki bila mwalimu wala kazi.

Hapo ndipo alipopata kibarua katika ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Birmingham. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwasagia rangi mafundi waliopaka mapazia makubwa ya jukwaani yenye picha za misitu, majumba na milima. Baada ya muda, naye alikabidhiwa brashi.

Kazi hiyo ilimfunza jambo ambalo hakuna shule ya sanaa ingemfunza wakati huo. Pazia la jukwaani hutazamwa kutoka mbali, kwa hivyo mchoraji hawezi kupoteza saa akihangaika na kila jani la mti. Sharti ajue ni alama gani chache zitakazomfanya mtazamaji aamini kuwa anaona msitu.

Safari ya London

Mnamo 1804, akiwa na umri wa miaka 21, Cox alielekea London baada ya kuahidiwa kazi katika ukumbi mmoja wa maonyesho. Ahadi hiyo haikuzaa matunda. Kwa miaka kadhaa alichanganya kazi za hapa na pale: mara apake mapazia kwa malipo ya kipimo cha yadi, mara awauzie wachuuzi wa picha michoro yake midogo kwa bei ya kutupa.

Bahati ilikuwa kwamba alifika London katika mwaka wenye maana kubwa kwa fani yake. Novemba 30, 1804, wasanii kadhaa waliochoshwa na kudharauliwa kwa rangi za maji walikutana na kuunda chama chao wenyewe, na mnamo 1805 wakafungua maonyesho yao ya kwanza.

Kabla ya hapo picha za rangi za maji zilionwa kama kazi ya maandalizi tu, au mazoezi ya mabinti wa tabaka la juu. Picha ya heshima ilikuwa ile ya mafuta, iliyochorwa kwenye turubai na kutiwa ndani ya fremu ya dhahabu.

Mmoja wa waanzilishi wa chama hicho alikuwa John Varley, mwalimu mashuhuri. Cox aliomba masomo kwake na kuanza kulipa kama wanafunzi wengine. Varley alipotambua kuwa kijana huyo mkimya alikuwa msanii anayetafuta riziki, alikataa pesa zake na kumfundisha bure.

Kadhalika, mnamo 1805 Cox alifunga safari yake ya kwanza kwenda Wales, nchi ya milima, mito na mashamba madogo yaliyozungushiwa kuta za mawe. Hakujua kuwa nchi hiyo ingemrudisha tena na tena hadi mwisho wa siku zake za kazi.

Mnamo 1808 alimwoa Mary Ragg, binti wa mwenye nyumba aliyokuwa amepanga, mwanamke aliyemzidi umri kwa miaka 12 hivi. Walihamia Dulwich, nje ya London, wakati huo ikiwa bado sehemu ya mashamba na malisho. Mwaka uliofuata walijaliwa mtoto wao wa pekee, David, ambaye pia alikuja kuwa mchoraji wa rangi za maji.

Rangi zisizosamehe

Ili kuelewa kazi aliyojichagulia Cox, yafaa kueleza jinsi rangi hizo zinavyofanya kazi.

Rangi ya maji hutengenezwa kwa unga laini wa madini au mimea, uliochanganywa na gundi inayotoka kwa miti ya jamii ya mgunga. Gundi hiyo kwa karne nyingi imekuwa ikisafirishwa hadi Ulaya kutoka Afrika. Mchoraji hulowesha brashi, huchukua rangi na kuitandaza juu ya karatasi, kisha husubiri ikauke kabla ya kuweka tabaka jingine.

Tofauti na rangi ya mafuta, rangi hii huonyesha kilicho chini yake. Weupe wa wingu au wa ngozi ya kondoo aghalabu si rangi iliyopakwa, bali ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi. Kwa sababu hiyo, kosa halifichiki kwa urahisi. Ukipaka giza mahali palipohitaji mwanga, mwanga huo umekwisha kuupoteza.

Kuchora nje huongeza ugumu. Jua kali hukausha rangi kabla haijatandazwa vizuri, unyevu huizuia kukauka, nao upepo hupeperusha karatasi. Isitoshe, kivuli cha wingu huvuka shamba kwa dakika chache tu na hakirudi tena kama kilivyokuwa.

Kwa upande mwingine, uzito wa vifaa si tatizo. Kisanduku cha rangi, brashi chache, kibuyu cha maji na karatasi vyaweza kubebwa na mtu anayetembea kwa miguu. Ndiyo maana rangi hizo zilimfaa mtu kama Cox, ambaye hakuwa na mali ila alikuwa na miguu ya kumfikisha mashambani.

Mwenye nyumba atwaa picha

Mafanikio hayakuja upesi. Mnamo 1810 Cox alichaguliwa kuwa rais wa chama kingine cha wachoraji wa rangi za maji kilichokuwa kikishindana na kile cha akina Varley. Miaka miwili baadaye chama hicho kilifilisika.

Kodi ya ukumbi wa maonyesho haikuwa imelipwa, na mwenye nyumba akazitwaa picha zilizokuwa ukutani ili kufidia deni lake. Za Cox zilikuwa miongoni mwa hizo. Kazi ya miezi mingi ilipotea kwa siku moja.

Mnamo 1812 alijiunga na chama kile kikongwe, ambacho alikihudumia kwa uaminifu maisha yake yote. Akajaribu pia kufundisha uchoraji katika chuo cha kijeshi huko Farnham, ila nidhamu ya kambini haikumwelea, na baada ya muda mfupi alijiuzulu.

Mwishoni mwa 1814 alikubali kazi iliyombadilisha. Shule moja ya wasichana mjini Hereford, karibu na mpaka wa Wales, ilimpa pauni 100 kwa mwaka ili afundishe siku mbili kwa wiki. Hakuwa na hata nauli ya kuhamisha familia yake, ikabidi akope pauni 40.

Miaka ya Hereford

Hereford ni wilaya ya wakulima: bustani za matufaha, ng'ombe, mashamba ya ngano na nyasi. Cox aliishi huko kwa zaidi ya miaka 12, hadi 1827. Siku ambazo hakuwa darasani alikuwa mashambani na karatasi zake.

Hakutafuta majumba ya kifahari. Alichora vibanda vilivyoezekwa kwa nyasi, vijia vyenye matope, visima, malango ya mbao, na wanawake waliobeba vikapu wakitoka sokoni. Alichora kwa subira mambo ambayo wenyeji wa Hereford waliyaona kila siku bila kuyatazama.

Mwaka huo wa 1814 kilitoka kitabu chake cha mafunzo kuhusu uchoraji wa mandhari kwa rangi za maji. Humo alisisitiza kwamba hali ya hewa si pambo la kuongezwa mwishoni. Mchoraji, alieleza, sharti achague saa na anga inayolingana na mahali: kibanda tulivu hudai mwanga mpole, nayo nyika pweke hudai mawingu na upepo.

Fundisho hilo lilikuwa jepesi kulieleza, lakini ilimchukua mwenyewe zaidi ya miaka 20 kulitimiza. Picha zake za Hereford ni safi, nadhifu na zenye adabu, jinsi ambavyo mwalimu wa shule alitarajiwa kuchora. Alikuwa akiwaonyesha wanafunzi namna ya kumaliza picha vizuri, na mazoea hayo yakamfunga yeye mwenyewe mikono.

Mnamo 1827 alirejea London. Kabla na baada ya hapo alizuru Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa. Katika safari ya 1829 jijini Paris mguu ulimtia mashakani kwa mara nyingine: aliteguka kifundo, akalazimika kuchora mitaa ya jiji hilo akiwa ameketi. Hata hivyo, miji haikumteka moyo.

Karatasi ya kufungia bidhaa

Mabadiliko makubwa yalitokea mnamo 1836, Cox akiwa na umri wa miaka 53. Yalitokana na kitu duni ambacho wasanii wengi wangekitupa.

Alipata kipande cha karatasi nene na yenye mikwaruzo, ya aina iliyotumiwa kufungia bidhaa. Akaijaribu kwa rangi zake, na akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona kwenye karatasi laini na ghali za wasanii.

Karatasi hiyo ilinyonya maji haraka na kuyashika. Haikuruhusu brashi nyembamba kucheza na vijitu vidogo vidogo. Ilidai brashi kubwa iliyojaa maji na mkono usiositasita, na mikwaruzo yake ilivunja rangi ikawa kana kwamba hewa yenyewe inatikisika.

Cox alifuatilia ilikotoka, akagundua kuwa ilitengenezwa Dundee, Scotland. Akaagiza shehena nzima. Ilipofika alishangazwa na uzito na gharama yake, lakini baadaye alijuta kuwa hakuagiza zaidi, kwani hakufanikiwa kuipata tena iliyo sawa na ile.

Karatasi hiyo ilikuwa na kasoro moja: vijidoa vyeusi vya nyuzi na takataka vilivyobaki wakati wa kuitengeneza. Alipoulizwa alifanyaje doa likitokea katikati ya anga, Cox alijibu kuwa aliliongezea mabawa mawili, likawa ndege na kuruka zake.

Kuanzia hapo uchoraji wake ulianza kufunguka. Alianza kwa mistari michache ya makaa, kisha akamimina anga kwa mapigo mapana, akifuatisha ardhi kabla anga hilo halijakauka kabisa. Somo alilolipata ukumbini Birmingham, la kusema mengi kwa alama chache, hatimaye lilipata mahali pake.

Mwanafunzi mwenye mvi

Pengine jambo linaloonyesha zaidi tabia ya Cox ni alilolifanya karibu na 1840. Akikaribia umri wa miaka 60, na akiwa amewafundisha wengine kwa zaidi ya miaka 30, alikwenda kuketi kama mwanafunzi mbele ya William James Müller, kijana wa chini ya miaka 30, ili ajifunze kutumia rangi za mafuta.

Müller alikuwa amerejea kutoka Misri na alisifika kwa kasi ya mkono wake. Cox alimtazama akifanya kazi, akauliza maswali, akarudi nyumbani kujaribu. Hakuona haya.

Mnamo 1841 aliacha kazi ya ualimu, akamwachia mwanawe wanafunzi wake wa London, na kurudi karibu na mji alikozaliwa. Alinunulika kwa utulivu wa Harborne, wakati huo kijiji kilichozungukwa na mashamba nje ya Birmingham. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa huru kuchora kutwa.

Mashamba, upepo na gari la moshi

Picha za miaka hiyo ndizo zinazokumbukwa zaidi. Mojawapo, iliyochorwa mnamo 1845, inaonyesha wakulima wawili juu ya farasi mmoja wakisafiri chini ya mwavuli mkubwa, huku jua, upepo na mvua vikishindania anga. Mbali kwenye upeo wa macho moshi wa gari la moshi unapita.

Moshi huo haukuwekwa pale kwa bahati. Reli ya kuunganisha London na Birmingham ilikamilika mnamo 1838, na mji wa Cox ulikuwa ukimeza mashamba yaliyouzunguka mwaka baada ya mwaka. Katika picha nyingine ya karibu na 1849, gari la moshi linapita usiku, na farasi malishoni wanatimua mbio kwa woga.

Cox hakuchora vinu wala matanuri. Alichora nyasi zikikatwa, kondoo wakikatwa manyoya, watu wakivuka malisho huku upepo ukiwapepea nguo. Katika picha hizo binadamu ni wadogo na nyuso zao hazionekani, ila kwa jinsi walivyoinama unajua upepo unatoka upande gani na kama mvua i karibu.

Aliyapenda zaidi mashamba ya nyasi, na aliyarudia mara nyingi. Msimu wa nyasi huja Juni na Julai. Wakati huo nyasi zilikatwa kwa miundu mirefu ya kushikwa kwa mikono miwili, zikageuzwa kwa reki ili zikauke, kisha zikarundikwa na kubebwa kwa mikokoteni. Kazi yote ilitegemea siku chache za jua, na jua la Uingereza si la kutegemewa.

Kwa hivyo, katika picha hizo haraka ya wakulima ni haraka ya mchoraji pia. Wote walikuwa wakishindana na wingu lile lile.

Kibao cha Betws-y-Coed

Kuanzia 1844 hadi 1856 Cox alikwenda kila mwaka Betws-y-Coed, kijiji kilichoko kaskazini mwa Wales. Alipazoea mno hata wachoraji chipukizi wakaanza kumfuata huko, na jioni walikutana kumsikiliza na kumwonyesha kazi zao.

Mnamo 1847 aliichorea nyumba ya wageni ya Royal Oak kibao kipya cha kutundikwa nje, akiwa juu ya ngazi kama fundi yeyote wa mtaani. Baada ya kifo chake, kibao hicho kiligombaniwa hadi mahakamani wakati msimamizi wa nyumba hiyo alipofilisika.

Furaha ya miaka hiyo iliingiwa na huzuni. Novemba 1845 mkewe Mary alifariki. Alikuwa ndiye mshauri wake na mtu wa kwanza kuonyeshwa kila picha. Cox alisema machache, akaendelea kuchora.

Miaka michache baadaye alishuhudia Betws-y-Coed mazishi ya msichana wa kijiji hicho, na kutokana na tukio hilo akachora msafara wa waombolezaji ukielekea kanisani jioni, milima ikiwa nyuma yao. Ni miongoni mwa kazi zake nzito zaidi.

Lawama za uzeeni

Juni 1853 Cox alipatwa na kiharusi. Alinusurika, ila macho na kumbukumbu zake hazikuwa tena kama awali, na mkono ulipoteza wepesi wake. Wengi wangeweka brashi chini.

Yeye aliendelea. Mistari ikawa michache zaidi na mapigo mapana zaidi. Katika picha zake za ufuo wa Rhyl za miaka hiyo, mchanga, bahari na anga vinakaribia kuwa kitu kimoja, na watu ni nukta chache za rangi zinazopeperushwa.

Wanachama wenzake walioandaa maonyesho ya London walilalamika kuwa kazi zake zilikuwa mbichi na zenye ukwaruzo. Walizoea picha nadhifu, ambazo kila jani linahesabika. Habari hizo zilimfikia Harborne na zikamuumiza.

Katika barua aliyomwandikia mwanawe, mzee huyo alieleza kwamba wakosoaji walisahau kitu kimoja: alichowaonyesha kilikuwa kazi ya akili na moyo, wala si nakala ya mahali fulani. Hakuomba radhi, na hakurudi kuchora kama zamani.

Si kwamba alikosa wa kumheshimu. Mnamo 1855 marafiki zake walichanga pesa ili achorwe na Sir John Watson Gordon wa Edinburgh, naye mzee alisafiri hadi Scotland licha ya afya yake. Na katika majira ya kuchipua ya 1859, mkusanyiko mkubwa wa picha zake ulionyeshwa London.

Hakuweza kwenda kuutazama. Juni 7, 1859, David Cox alifariki nyumbani kwake Harborne, katika mwezi ambao wakulima wa huko hukata nyasi. Alizikwa katika kiwanja cha Kanisa la St Peter, kando ya mkewe.

Thamani iliyochelewa

Katika maisha yake Cox aliuza picha nyingi kwa pauni chache tu. Mnamo 1875, miaka 16 baada ya kufa kwake, picha yake moja ya rangi za maji inayoonyesha shamba la nyasi ilinadiwa London na kununuliwa kwa zaidi ya pauni 2,900. Pesa hizo zilizidi mshahara ambao angeupata kwa kufundisha pale Hereford kwa miaka 29.

Wanunuzi wake wakubwa walikuwa matajiri wa viwanda vya Birmingham. Joseph Henry Nettlefold, aliyejipatia utajiri kwa kutengeneza skurubu, aliuachia mji huo mkusanyiko wa picha za mafuta za Cox, ambao ulipokelewa mnamo 1882. Mji wa chuma, uliomwona mtoto wa mhunzi akishindwa kuinua nyundo, ukawa ndio mlinzi wa picha zake za nyasi na upepo.

Mnamo 1874 kundi la wachoraji wa Ufaransa, akiwemo Claude Monet na Camille Pissarro, walifungua jijini Paris maonyesho yao ya kwanza ya picha zilizochorwa kwa mapigo ya haraka na mara nyingi nje, chini ya anga. Nao waliambiwa kuwa kazi zao hazijakamilika. Lawama iyo hiyo ilikuwa imemfikia mzee wa Harborne miaka 20 kabla yao.

Karatasi ya ukwaruzo aliyoitafuta bila mafanikio ilikuja kuigwa na watengenezaji na kuuzwa kwa wasanii kwa jina lake.

Leo picha zake zimehifadhiwa katika makavazi makubwa ya Uingereza, yakiwemo ya Birmingham, British Museum na Victoria and Albert Museum jijini London. Nyingi hazitundikwi ukutani kwa muda mrefu. Rangi za maji hufifia zikianikwa kwenye mwanga, kwa hivyo hutunzwa ndani ya masanduku yenye giza na kutolewa kwa vipindi.

Anayebahatika kuzitazama zikitolewa hukuta anga lingali linatembea, nyasi hazijaingizwa ghalani, na hapa na pale juu ya shamba, ndege mweusi mmoja au wawili ambao huenda walianza kama madoa ya karatasi.